Bosi Wako Si Mlezi Wako wa Kiroho

Kila Kwaresima ikikaribia, vijana wa parokia yetu walioanza kazi huingiwa na hamu ya kutafuta mlezi. Wanamtaka mtu mzima aliyefika mahali katika kazi yake, mwenye kusali, atakayewaonyesha jinsi ya kuishi na yote mawili bila kuwa wanafiki kanisani wala mabwege ofisini. Hamu hiyo naipenda. Ushauri wangu kwao, hata hivyo, ni mmoja na huwaudhi: usimchague anayekujazia fomu ya tathmini mwisho wa mwaka. Hata akiwa mtu wa kutangazwa mwenye heri kesho asubuhi, usimchague.

Mimi ni msimamizi wa wafanyakazi katika hoteli ya ufukweni hapa Malindi. Mikataba, likizo, barua za kujieleza, barua za onyo, na kila masika yakianza, orodha ya watakaokwenda nyumbani mpaka wageni warudi, vyote hupitia mezani kwangu. Nasali Kanisa Kuu la Mtakatifu Antoni. Nayasema haya ili ujue naongea nikiwa nimekaa upande gani wa meza. Yule ninayewaambia vijana wasimchague ni mimi.

Hoja yenyewe si yangu. Kanisa limeishi na wakubwa na wadogo chini ya paa moja kwa karne nyingi, katika monasteri, seminari na nyumba za watawa, na limeyaona yanayotokea mkubwa anapokuwa na amri juu ya chakula cha mtu na pia juu ya siri za moyo wake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imeandika mafunzo hayo kwa ufupi. Kanuni ya 985 inasema mlezi wa wanovisi, yaani wanaojiandaa kuweka nadhiri, na gombera, yaani mkuu, wa seminari wasisikilize maungamo ya wanafunzi wanaokaa nao nyumba moja, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe, kwa hiari yake na kwa jambo mahsusi, aombe. Kanuni ya 630 inawakataza wakuu wa mashirika ya kitawa kuwashawishi walio chini yao, kwa namna yoyote ile, wawafunulie dhamiri zao. Tazama basi: hao ni watu walioweka nadhiri ya utii, wameacha nyumba na mali, na bado Kanisa limewajengea ukuta kati ya ofisi ya mkuu na chumba cha moyo. Seuze mhudumu wa baa mwenye mkataba wa miezi sita.

Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kila Jumatatu tulianza kwa ibada ya nusu saa. Mkuu alihubiri mwenyewe, na alijua kuhubiri. Baada ya hapo aliwaita watu faragha mmoja mmoja, waombewe. Watu wakafunguka. Mmoja akamweleza kuwa pombe inamshinda, mwingine kuwa ndoa yake inayumba na usiku halali. Miezi ikapita, kampuni ikapunguza watu, na yule wa pombe akawa wa kwanza kwenye orodha. Labda hayakuhusiana. Hakuna aliyethibitisha kitu, na hakuna aliyehitaji uthibitisho. Kuanzia Jumatatu iliyofuata maombi yote yakawa ya mafua na safari njema. Ibada iliendelea vilevile, nyimbo zilezile, lakini hapakuwa na mtu aliyeleta jambo lake.

Simlaumu yule mkuu kwa kusali. Ninachosema ni kwamba jambo ukishalijua huwezi kujifanya hulijui siku ya kuchagua nani apandishwe cheo. Hata ukijitahidi kuwa mwadilifu, utajikuta ukiinama upande mmoja ili usiinamie mwingine, na aliyekuamini ataumia kwa namna yoyote.

Mlezi wangu mimi ni matroni mstaafu. Aliongoza wodi miaka mingi, na mpaka leo sokoni wanamwita Matroni. Jina lake la ubatizo wengi hawalijui. Kuhusu hoteli hajui lolote. Hafubodi na fulubodi, yaani malazi ya milo miwili na ya milo mitatu, kwake ni kitu kimoja, na aliponiuliza mara ya kwanza kwa nini wageni wanalipa zaidi ili kuona bahari ambayo ni ya Mungu, sikuwa na jibu la kumridhisha. Hanilipi, simlipi. Hawezi kunipandisha wala kunishusha. Mwezi unapokwisha nakwenda kwake baada ya Misa ya kwanza, tunakula mahamri na mbaazi barazani, halafu anapangusa mikono kwa kitambaa na kusema, “Haya, soma.”

Kinachosomwa ni orodha ya watu walioguswa na maamuzi yangu mwezi huo. Majina siyataji, kwa sababu siri za wafanyakazi si zangu za kumgawia mtu, hata Matroni. Jina nalisema moyoni; kwa sauti nasema kazi tu. Dobi, wawili. Mlinzi wa usiku. Msaidizi wa jikoni. Kila mmoja nakaa naye kidogo kimya, kisha naendelea. Inaonekana jambo jepesi mpaka ulifanye. Kuna Jumapili alinikatiza: “Huyo wa nne umempita mbio. Mbona?” Nilikuwa nimempita mbio kweli. Ombi lake la likizo lilikuwa limelala mezani wiki tatu, nami nilikuwa najiambia ni shughuli nyingi.

Hapo ndipo sala ya jioni niliyofundishwa na katekista nikiwa mtoto ilianza kuniuma upya. Tunaambiwa tuwaze moyoni makosa ya siku kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Mtoto hukwama kwenye yale matatu ya kwanza: kutukana, kupigana, kusema uongo. Mtu mwenye cheo anaishi ndani ya lile la nne. Barua isiyojibiwa. Makato ya NSSF yaliyokatwa kwenye mshahara na hayajapelekwa. Mfanyakazi wa kibarua anayeongezewa miezi mitatu, tena mitatu, tena mitatu, kwa sababu hakuna aliyeketi kuamua kama ni wa kudumu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokufanya ujione mkosaji unapofunga ofisi saa kumi na moja. Unaondoka ukiwa umewaaga watu vizuri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, katika waraka wake wa mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, uliutaja utengano kati ya imani tunayoikiri na maisha yetu ya kila siku kuwa miongoni mwa makosa makubwa zaidi ya zama hizi. Nadhani wengi wakisikia hivyo wanafikiria wezi wa mabilioni. Mimi nafikiria trei ya barua.

Namna hii ya kuipitia siku tumeirithi kwa Mtakatifu Ignasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha maelekezo ya sala, Mazoezi ya Kiroho, kiliidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Sisi wa Malindi tuna sababu ya kumkumbuka. Huko Paris, chuoni Sainte-Barbe, Ignasi aliishi chumba kimoja na kijana Fransisko Ksaveri, mwenye akili, mwenye fahari, aliyekuwa akitafuta cheo. Ignasi hakuwa mwalimu wake wala mwajiri wake. Alikuwa mwanafunzi mwenzake mwenye umri mkubwa, na kwa miaka kadhaa alimsogelea polepole mpaka yule kijana akageuka. Aprili 1541 Ksaveri aliabiri Lisbon kwenda India kama mmisionari. Mwaka uliofuata, kabla ya kufika Goa, merikebu yake ilitia nanga hapa kwetu.

Walezi na walelewa wa siku hizi wanaolalamika kuwa hawana muda wa kuonana wangemsoma Ksaveri. Barua za Ulaya zilimfikia baada ya mwaka, miwili, wakati mwingine zaidi. Alikata sahihi za wenzake kutoka kwenye barua walizomwandikia, akazibeba shingoni pamoja na maneno ya nadhiri yake. Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, mlangoni mwa China. Juni 1553 Ignasi alimwandikia barua ya kumwita arudi Ulaya. Alikuwa akimwandikia marehemu, naye hajui.

Miongoni mwa maelekezo ya Ignasi kuna moja ambalo ningelibandika kwenye ukuta wa kila anayejiita mlezi. Ni la 15 katika yale ya mwanzo: anayetoa Mazoezi asimvute mtu upande huu wala ule, asimame katikati kama mizani, amwachie Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Sasa niambie, nitasimamaje katikati kama mizani mbele ya kijana ambaye nikimwambia abaki nitakuwa nimeokoa gharama ya kumtafuta mwingine? Akiniuliza, “Madam, nahisi Mungu ananiita nirudi chuoni,” masikio yangu yanasikia pengo kwenye zamu ya Desemba.

Maelekezo mengine mawili yake yamenisaidia kazini kuliko semina zote za uongozi nilizopelekwa, na zingine zilikuwa na chakula kizuri sana. La kwanza ni lile la kuwa tayari kuyachukua maneno ya mwenzako kwa maana iliyo njema kabla ya kuyahukumu. Na kama huwezi, muulize anayaelewaje. Muulize. Msimamizi wa vyumba aliwahi kuniletea karatasi: mashuka kumi na mawili hayapo stoo, na jina la mfanyakazi wa dobi limeandikwa pembeni kwa wino mwekundu. Alitaka barua ya kujieleza itoke siku hiyo. Nikamwita yule mama wa dobi, nikamwomba anieleze mashuka yanavyotembea tangu chumbani mpaka kamba ya kuanikia. Alieleza taratibu, akihesabu kwa vidole. Kisha akasema, “Na yale ya nyumba ya pili nilimpa dereva, kwa vile meneja alipiga simu.” Tukafungua daftari la dereva. Mashuka kumi na mawili, tarehe ile ile, yamepelekwa kwenye nyumba ya kukodisha ya tajiri wetu, kwa amri ya simu isiyoandikwa popote. Daftari lilikuwa kwenye gari wakati wote. Barua ya kujieleza ingetoka, ingeingia faili lake na kukaa humo.

La pili ni kanuni ya wakati wa ukiwa, ule wakati moyo umekauka, giza limetanda na kila kitu kinaonekana hakina maana. Usibadili chochote, anasema Ignasi. Shikilia uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Hii niliielewa mwaka 2020. Wasiokaa hapa huenda hawajui mji huu unavyoitegemea Italia: wageni, wenye nyumba, wenye hoteli, hata watoto wa ufukweni wanaongea Kiitaliano kabla ya kumaliza shule ya msingi. Italia ndiyo iliyopigwa mwanzo na korona kule Ulaya. Tarehe 25 Machi Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa, na hazikurudi mpaka Agosti. Wiki moja tulikuwa na wageni mezani, wiki iliyofuata paka walikuwa wamelala kwenye viti vya bwawa.

Tulikuwa tumeandika zamani, katika msimu mzuri, utaratibu wa kupunguza watu kama siku ingefika. Ulifuata Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40: taarifa ya mwezi mzima kwa chama cha wafanyakazi au kwa mfanyakazi mwenyewe, na kwa afisa wa kazi, uchaguzi kwa kuangalia muda mtu aliokaa, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake, malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Siku ilipofika, kila mmoja pale juu alitaka utaratibu mwingine. Walitaka wabaki “wanaotuelewa”. Walitaka watu watie sahihi likizo isiyo na malipo na isiyo na mwisho, waseme wameomba wenyewe.

Makanisa yalikuwa yamefungwa, baraza la Matroni pia. Nikampigia simu. Nilitaka aniambie la kufanya. Hakuniambia. Aliniuliza ule utaratibu wa zamani tuliuandika tukiwa katika hali gani, nikamwambia tulikuwa na nafasi, tumelala vizuri, hakuna aliyekuwa na hofu. Akauliza, “Na huu mpya?” Halafu tukasali Baba Yetu kwenye simu, mawimbi yakikatika katikati, yeye akiwa kwenye mkate wetu wa kila siku mimi nikiwa kwenye makosa yetu. Nilipigania utaratibu wa zamani. Niliupata kwa sehemu, si wote. Watu waliondoka, wengine niliowapenda, lakini waliondoka na haki yao mkononi na kwa mpangilio ambao ningeweza kumweleza yeyote kati yao ana kwa ana.

Lazima niseme pia sala haikunifundisha kusoma hesabu. Nawaona wacha Mungu wengi wakidhani kuwa ukisali vizuri uongozi utajileta. Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyesali kuliko sisi sote, aliwasifu waungamishi wenye elimu na akalalamika waziwazi kuwa wale wenye elimu nusu nusu waliidhuru roho yake. Kwa mambo ya fedha mlezi wangu ni mhasibu mstaafu wa mtaa wa Shela, Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu. Ni Mwislamu wa swala tano. Alikaa na mabwana wa Kizungu miaka mingi, na nikimtania kuhusu hilo hunijibu, “Mtumikie kafiri upate mradi wako,” kisha ananitazama mimi Mkristo na kucheka mpaka anakohoa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa faida ya kwenye karatasi hailipi mshahara. Uulize kwanza benki kuna nini na tarehe ngapi. Bila yeye ningekwenda kwenye kile kikao cha 2020 na huruma tupu, na huruma tupu hupigwa chini na meneja wa fedha kwa sentensi moja.

Wanaoona haya kulelewa na mtu wa dini nyingine wasome Kutoka sura ya 18. Musa alikuwa ameketi tangu asubuhi hadi jioni akiwaamua watu peke yake. Aliyemwambia kuwa jambo hilo si jema, kwamba atachoka yeye na kuwachosha watu, na kwamba achague wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, ni Yethro mkwewe, kuhani wa Midiani. Musa alikuwa anaongea na Mungu, na bado suala la ratiba alifundishwa na mkwe. Ninachokipenda zaidi ni mstari wa mwisho wa sura ile: Yethro akaenda zake nchini kwake. Hakuomba cheo katika mpango alioubuni.

Jirani yake kwa maana ni yule kuhani mzee Eli, katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Mtoto Samweli anaitwa usiku, anamkimbilia Eli. Mara ya tatu Eli anatambua, anamrudisha kulala na kumpa maneno ya kujibu. Na ujumbe ambao kijana anaupokea ni hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Asubuhi Eli anamwambia asimfiche neno lolote. Nani kati yetu mabosi angeweza?

Mara nyingi naulizwa kwa nini mikutano yangu haianzi kwa sala, mimi mwanachama wa jumuiya ndogo ndogo, msomaji wa Misa. Kwenye meza yangu ya mkutano kuna Waislamu, Wakatoliki, Waanglikana, walokole, na angalau mmoja anayefuata mila za wazee wa Kigiriama na hasemi. Nikisali mimi, wanainamisha vichwa kwa sababu mimi ndiye natia sahihi. Hiyo si sala yao. Nasali kabla, ndani ya gari, injini ikiwa imezimwa. Baada ya hapo imani yangu, ikiwa ipo, itafutwe kwenye ratiba ya zamu: mkutano hauwekwi Ijumaa saa saba, mwezi wa Ramadhani kila anayefunga ana nusu saa ya kufuturu inayojulikana na wote, na si ya kuombwa kwa unyonge, Jumapili za Wakristo zinazunguka kwa zamu ili asiwe mtu yuleyule anayekosa Misa mwaka mzima. Kuipanga ratiba hiyo kunanichukua muda mrefu kuliko rozari.

Ksaveri alipokuwa hapa alizungumza na Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini. Aliisimulia habari hiyo katika barua aliyoiandika Goa, Septemba 1542. Yule mzee alimuuliza kama makanisa ya kwao watu huyaendea sana, kama husali kwa ari, kwa sababu huku Malindi, alisema, ucha Mungu umepoa: misikiti ni 17, na inayoendewa ni mitatu tu, nayo kwa watu wachache. Jambo hilo lilimtatiza sana, akaona lazima chanzo chake ni dhambi kubwa. Jibu la Ksaveri lilikuwa na ukali wa zama zake. Alimwambia Mungu hapendezwi na sala za wasioamini. Namheshimu mtakatifu, ila hapo sipo naye, na Kanisa lenyewe mwaka 1965 lilizungumza juu ya Waislamu kwa heshima nyingine kabisa. Ninayemfikiria mara kwa mara ni yule mzee. Mgeni ametua bandarini, hajui lugha wala desturi, na mwenyeji anamuuliza swali la mtu anayebeba dhamana ya watu: wenu bado wanasali? Mtu aliye sawa na mwenzake ndiye anayeweza kuuliza hivyo. Msaidizi wa jikoni hawezi kuniuliza mimi.

Msichana wa mapokezi aliniomba niwe mlezi wake. Ni Mkatoliki wa Mambrui, mwepesi wa kuelewa, na mimi nilikuwa nikimtazama tayari kama msimamizi wa kesho. Nilimweleza yote haya kwa ufupi zaidi, na akaona namkataa. Kumfundisha kazi nilikubali, hiyo ni sehemu ya mshahara wangu: kuandika ripoti ya zamu, kumkabili mgeni anayepiga kelele kwa lugha tatu, kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Kuhusu moyo wake nilimpeleka kwa Matroni. Sasa kuna Jumamosi ambazo namwona akitoka zamu na kuelekea upande ule, na sina shaka yoyote kwamba siku hiyo mada barazani ni mimi. Jumapili yangu ikifika Matroni hanidokezi hata kwa jicho. Mbaazi zilezile, kitambaa kilekile. Nimemchunguza sana, hakuna kitu.

Tatizo ni kwamba Matroni ni mmoja. Mji huu una wastaafu tele: walimu wakuu, wauguzi, manahodha, maafisa wa forodha, watu walioendesha benki na bohari. Wengi bado wana nguvu na hawamdai mtu kazi wala hawamwajiri mtu, na hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta. Kanisani tunawapa viti vya mbele na kuwataja kwa majina wakati wa harambee ya paa. Tangazo la baada ya Misa la kuwaomba Jumamosi moja ya mwezi, wakae na kijana mmoja mmoja barazani kwao, sijalisikia bado. Nimemwandikia katibu wa parokia. Amenijibu kuwa ajenda ya kikao kijacho imejaa, kuna suala la paa.